Mpangaji wa Mwalimu Festo

Mjimwema, Songea
Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Umekwenda Mpitimbi kuaga, na nimeona niandike kabla hujarudi, maana nikikutazama usoni maneno haya hayatoki. Juzi nilijaribu, ulipokuwa unapiga pasi nguo za safari. Ukaniuliza, "Baba, kuna kitu unataka kusema?" Nikajibu kwamba nataka kujua kama pasi imepata moto.

Mambo ya chuoni sikuandikii. Mama yako ameshakuambia yote, na mengine ameyarudia mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi nataka kukusimulia habari za nyumba unayoiacha kesho alfajiri. Umekulia humu, unajua kila ufa wa sakafu yake, lakini yapo mambo hukuambiwa, na yapo mengine uliyasema kwa kinywa chako ukiwa mdogo, ukayasahau.

Baba yako mzazi, Mwalimu Festo, Mungu amrehemu, alifariki ukiwa na miaka mitatu. Mimi sikumkuta. Nilitoka Nakapanya na cherehani yangu kuja kutafuta maisha hapa mjini, nikapata kibaraza cha kushonea karibu na soko, na mama yako akawa mteja. Aliniletea sare zako za chekechea nizipunguze. Wateja wengine huacha nguo wakaenda zao. Yeye alisimama palepale mpaka nimalize, hacheki, haulizi bei mara ya pili. Siku nyingine akaleta gauni ambalo halikuwa na tatizo lolote, nikajua.

Mimi Myao, Muislamu. Yeye Mngoni, Mkatoliki, mjane wa mwalimu. Watu wangesema, lakini midomo ya watu haikutusumbua sana. Kilichotuzuia kuoana kilikuwa pensheni.

Mama yako alikuwa akipokea pensheni ya mjane, na ndani yake mlikuwa na sehemu yako wewe mtoto wa marehemu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisali naye jumuiya alimwambia, "Agripina, siku ukiolewa wanakata. Na ya mtoto inaondoka nayo hiyohiyo." Alisema kama mtu aliyeona. Hatukwenda kumuuliza mhusika yeyote. Tuliogopa kwamba tukifika ofisi ya pensheni na swali la namna hiyo, tutakuwa tumejichongea wenyewe, wataanza kuchunguza. Ada yako ilikuwa inatoka humo. Basi tukakubaliana nihamie chumba cha uani, niwe mpangaji.

Mimi ndiye niliyetoa wazo hilo, si mama yako. Nililiona ni wazo la akili. Kula tutakula pamoja, kulala tutajua wenyewe, na mtaani nitakuwa fundi aliyepanga kwa mjane. Wewe uliambiwa uniite Anko.

Kila ulipofika wakati wa kuhakikiwa, mama yako alivaa kitenge cheusi akaenda. Waliuliza kama ameolewa tena. Alijibu, "Mimi ni mke wa Mwalimu Festo." Akirudi alikuwa anavua viatu mlangoni na kupita sebuleni taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Mwanzoni nilidhani ni aibu. Baadaye nilielewa kwamba anarudi kwa mtu ambaye ametoka kumtaja kwamba ni mume wake, na mtu huyo yuko nyumbani.

Maana tulimweka. Ili mwanamke aendelee kuwa mke wa marehemu, lazima marehemu awe na mahali pake. Kiti chake cha sebuleni hakikukaliwa. Viatu vyake vilipakwa rangi. Wageni walipokuja mama yako aliwaambia "hapa kwa Mwalimu", na mimi nilisema hivyohivyo. Sijui kama tulikuwa tunadanganya watu au tulikuwa tunamwalika.

Baridi ya hapa hukuijua kuwa ni baridi kwa sababu umezaliwa ndani yake. Mimi nilitoka kwenye joto, na mwezi wa sita wa kwanza nilitetemeka mpaka sindano ikanishinda. Mama yako akanipa koti la Mwalimu, lile zito la kahawia. Lilinipwaya. Mabega yalining'inia, mikono ilifika kwenye vidole. Nikasema nitalipunguza nikipata nafasi, nikalivaa hivyohivyo. Asubuhi moja ya ukungu natoka uani kwenda kazini, Bibi Salome wa nyumba ya jirani, unamkumbuka, yule aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa amekaa barazani kwake. Akaita, "Mwalimu, umeamka?"

Ningeweza kusema, bibi, mimi ni fundi. Lakini nilifikiri, nikimsahihisha ataanza kuuliza kwa nini fundi anatoka na koti la mwenye nyumba. Nikasema, "Nimeamka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Shule njema."

Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikaizoea. Mwanangu, kuitikia jina la mtu mwingine ni kitu kidogo sana mara ya kwanza.

Mwaka wa pili baridi iliporudi, nikatoa lile koti ili nilipunguze, nikalivaa kwanza ili nijipime. Lilinikaa. Mabega yalikuwa mahali pake, mikono ilikomea kwenye kifundo cha mkono. Nilimuuliza mama yako kama amempa fundi mwingine. Akasema, "Fundi gani, wakati fundi tunalala naye?" Nilipima suruali za Mwalimu zilizokuwa sandukuni, nikajipima na mimi, vipimo vikawa vilevile. Mimi ni fundi, siwezi kukosea kipimo cha kiuno changu. Nilirudisha nguo sandukuni na sikumwambia mtu.

Kuna mchana mmoja mama yako alikuwa anachambua mchicha uani, mimi nimekaa kwenye kigoda nasubiri chakula, wewe ukaja mbio kutoka ndani. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Ukasimama mbele yangu, ukasema, "Anko, Baba anauliza kama umelipa kodi."

Nikakuuliza, "Baba yupi?"

"Wa sebuleni."

Mama yako aliendelea kuchambua. Hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilikuwa vinatupa majani mazuri na kuweka yaliyooza. Nikakuambia kamwambie nitalipa. Ukarudi ndani mbio, na tulikusikia unaongea sebuleni kwa sauti ya kawaida kabisa, ukinyamaza kidogo, ukijibu, ukinyamaza tena. Halafu tukasikia kikohozi. Mama yako alikuwa anakijua kikohozi kile, aliishi nacho mpaka kilipomuua Mwalimu. Mimi sikuwa nakijua, lakini nilipomtazama nilikijua.

Hatukuzungumza. Tulikula dagaa zetu. Hilo ndilo kosa langu lililozaa mengine yote. Tulikuwa tumezoea kutosema, hata jambo la kutufanya tupige mbio na watoto mikononi tulilipitisha kimya, kama mgeni aliyekosea mlango.

Ukiwa na miaka minane mama yako alipata mimba. Uliambiwa anaumwa, amekwenda kwa bibi yako Mpitimbi kupata dawa, na wewe ukabaki na mimi na Bibi Salome kwa sababu ya shule. Ukweli alikwenda kujificha. Alipofika, shemeji yake, Baba Mkubwa Kolumba, kaka wa Mwalimu, alimwangalia tumbo akaelewa. Akasema, "Mke wa Festo akizaa, mtoto ni wa Festo. Nani atauliza?" Kwa mila ya kwao ni sahihi. Mama yako alinipigia simu akanieleza, na akasubiri niseme kitu. Nikasema, "Basi, kama imekubalika hivyo, ni afadhali. Pensheni itakuwa salama."

Nilisema hivyo juu ya mtoto wangu, Skola. Nilikuwa nimesimama kibarazani kwangu, mteja ananingoja.

Alizaliwa mvulana. Moyoni nilimwita Mustafa, jina la baba yangu, lakini sikumtamkia mtu. Hakukaa. Alipata homa, na kabla ya juma kuisha alikuwa ameondoka. Nilipanda gari nikaenda Mpitimbi. Waliokuwa pale walinijua kama mpangaji wa mjini, wakanipa kigoda nyuma, pamoja na majirani. Wazee walimpa pole Kolumba. Wanawake walimpa pole mama yako. Mimi nilipita kwenye mstari na wengine nikatoa rambirambi kwa msiba wa mwanangu, na mzee aliyekuwa anapokea akaniambia, "Ahsante, fundi. Una utu."

Walimzika ubavuni mwa Mwalimu Festo, kwa jina la Mwalimu Festo. Ndio ule msalaba mdogo ambao leo utakuwa umeupita. Uliwahi kuuliza ni wa nani, ukaambiwa ni mtoto wa ukoo.

Mama yako alirudi Songea maziwa yakiwa bado yanamtoka. Kila alasiri, wakati ule nyumba inapotulia na wewe hujarudi shule, alikwenda sebuleni akakaa chini ukutani. Nilidhani anataka kuwa peke yake. Siku moja nilirudi mapema kuchukua uzi, nikamkuta amejishika kifua, kanga imelowa.

"Analia," akaniambia. "Huwa analia saa hizi. Halafu ananyamazishwa."

Nikakaa karibu naye nisikilize. Mtoto sikumsikia. Naapa, mpaka leo sijawahi kumsikia mwanangu analia, hata mara moja, si akiwa hai wala baada ya hapo. Lakini nilimsikia anayembembeleza. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, kutoka pale kwenye kiti, inaimba polepole kwa Kingoni, lugha ambayo mimi siijui. Aliimba kama mtu mwenye uzoefu wa kulea. Kisha akakohoa, akaendelea.

Unaweza kusema ulikuwa uchungu unatuchezea. Sikatai. Nakuambia nilichosikia.

Sikuogopa wakati ule. Niliona wivu. Wivu wa mtu aliye hai kwa mtu aliyekufa. Nilimtoa mwanangu kwa kinywa changu ili tusikatiwe pensheni, na aliyepewa alikuwa amempokea, anamlea. Nikamwambia mama yako, "Kesho twende tukaulize."

Tulikwenda. Tulimkuta dada mmoja kijana, mgeni wa mji huu kwa lafudhi yake. Alituangalia tulivyokaa, mama yako mbele, mimi nyuma kidogo kwa mazoea. Mama yako alifumbata mikono akauliza, "Mjane akiolewa, inakuwaje?"

"Mama, unataka kuolewa?"

Yule dada akatabasamu kidogo, akavuta kiti karibu.

"Kwa hali yako, ya kwako itakoma," akasema. "Utaleta taarifa, itasimama. Lakini ya mtoto ni ya mtoto. Haihusiani na ndoa yako. Itaendelea mpaka afike umri wake, au amalize shule kwa utaratibu uliopo."

"Tangu lini?" mama yako akauliza.

"Tangu mwanzo, mama. Hamkuwahi kuuliza?"

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje. Ile tuliyoiogopea, ada yako, haikuwa hatarini hata siku moja. Nilitegemea mama yako alie, au anilaumu, kwa kuwa wazo la upangaji lilikuwa langu. Akatazama barabarani muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Shaibu, mimi nadhani nilikuwa najua. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa." Akakunja pindo la kanga. "Kila mwezi ananitumia. Amelala kule chini na bado ananitumia. Nikienda kuwaambia wakate, mimi ndiye nitakuwa nimemzika."

Miaka yote ile nilifikiri ni mimi na yeye tunawaficha watu. Kumbe mama yako alikuwa na wanaume wawili wanaomtunza, na mmoja alikuwa hakosi tarehe.

Nilimsubiri. Sikumsukuma, na katika mambo yangu ya wakati ule hilo ndilo pekee ninaloona nilifanya vizuri. Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja akaja kibarazani kwangu, akasimama kama zamani, akasema, "Nimepeleka taarifa. Sasa nioe kabla sijaona njaa."

Ndoa yetu ya bomani unaikumbuka, ulivaa gauni la njano nililolishona mimi. Hukumbuki asubuhi iliyofuata kwa sababu ulikuwa umelala. Niliamka mapema, nikatokea mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, sikuvaa koti. Ukungu ulikuwa umetanda. Bibi Salome alikuwa barazani kwake. Nikaenda mpaka karibu nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Mimi ni Shaibu, fundi. Nilikuwa nakuitikia kwa jina lisilo langu, naomba radhi."

Akanigeuzia yale macho yake meupe. "Marahaba," akasema. "Najua wewe ni fundi, nakujua kwa mwendo. Mimi nilikuwa namsalimia anayekufuata nyuma."

Nikamuuliza kama leo yupo.

"Leo amebaki mlangoni," akasema.

Sikugeuka. Nilikwenda kazini moja kwa moja, na shingo yangu iliuma mpaka mchana.

Maisha yalikuwa magumu baada ya hapo, hilo uliliona, ingawa hukujua chanzo. Mama yako alianza kuuza mboga, mimi nikachukua kazi za sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi. Hatukujuta. Ila kulikuwa na jambo moja limenikaa. Nilikwenda Mpitimbi peke yangu kumwona Kolumba. Alinipa togwa, kwa kuwa anajua pombe ya ulanzi situmii, tukakaa nyuma ya nyumba yake.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto," nikamwambia. "Yule ni wangu."

"Najua ni wako. Kila mtu pale alijua." Akaniangalia. "Unataka kumfukua?"

"Hapana. Nataka jina tu."

Alikunywa togwa kidogo. Kisha akasema, "Festo alikuja kwangu usingizini baada ya ninyi kuoana. Hakugomba. Alikuwa amembeba mtoto, ameshakuwa wa kutembea, lakini amembeba tu. Akaniuliza, 'Binti yangu anakula vizuri kule kwa fundi?' Nikamwambia anakula." Akakoroga togwa yake kwa kijiti. "Sasa wewe fundi, nikuulize. Mwenzako anakulelea wa kwako. Wewe unamlelea wa kwake. Unataka kuvunja hapo ili iweje?"

Nilikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Nilikwenda makaburini, nikasimama mbele ya ile misalaba miwili, mkubwa na mdogo, nikawasomea dua zote ninazozijua, kwa wote wawili. Jina sikulibadilisha. Nilirudi mjini jioni, nikakukuta unafanya hesabu za shule mezani, nikakuuliza kama umekula. Ukasema umekula. Nikakuuliza kama umeshiba. Ulinishangaa.

Tangu siku ile sijakulea kama mtu anayemlea mtoto wa kambo. Nimekulea kama mtu anayeangaliwa na mwenzake, aliye na cha kwangu mikononi mwake. Kila nilipotaka kukupiga kwa hasira, nilifikiria kule. Kila nilipoweza kukununulia kitu, nilifikiria kule. Yawezekana hii si sababu nzuri ya kumpenda mtoto. Ndiyo niliyoanza nayo. Baadaye sikuihitaji tena, lakini nimeona nisikufiche mwanzo wake.

Huko unakokwenda utaogopa mambo, na wenzako watakuambia yale wanayodhani wanayajua. Nenda kaulize mwenyewe. Na jibu likiwa baya, utakuwa nalo mkononi, utaliangalia, utajua ukubwa wake. Sisi tuliishi na jibu tusilolijua, na lilikua mpaka likajaza nyumba. Mengine sina ya kukufundisha.

Nasikia pikipiki imesimama nje, nafikiri ni wewe. Barua hii nitaitia katikati ya mashuka yako, uikute ukifika, ukiwa mbali na sisi, uwe na nafasi ya kulia au kukasirika bila mtu kukutazama. Ukitaka kunipigia simu unigombeze, piga. Nitapokea.

Na jambo moja naomba unifanyie. Wenzako wapya watakuuliza, kama watu wanavyoulizana, kwenu mmezaliwa wangapi. Umekuwa ukijibu kwamba uko peke yako. Kuanzia sasa sema mko wawili. Mdogo wako anaitwa Mustafa, yuko kwa baba yako.

Wako anayekusubiri urudi salama,
Baba Shaibu